Serikali isiyowatendea watu wake haki, inaweza kutia saini kwa jina lao?

Mwanafunzi wa Kasapa, Lubumbashi

Jambo sana, wakubwa zangu na wenzangu. Ninaandaa kazi yangu ya kumaliza masomo katika uhusiano wa kimataifa, na mada niliyopewa ni haki na uhalali katika nadharia za kiliberali. Nimesoma mengi kwa Kifaransa na machache kwa Kiingereza, lakini ningependa swali hili tulijadili kwa Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha tunayobishania siasa nyumbani, na hoja isiyosimama katika ubishi wa nyumbani sina imani nayo.

Kinachonisumbua ni hiki. Waliberali wanajitofautisha na wengine kwa kusema kwamba yanayotokea ndani ya dola yana uzito katika mahusiano yake na dola nyingine. Kant, mwaka 1795, alitaka kila dola iwe na katiba ya kijamhuri, na hilo akalifanya sharti la kwanza la amani ya kudumu. Michael Doyle, mwaka 1983, alidai kwamba dola za kiliberali hazipigani zenyewe kwa zenyewe, na sababu zake alizitafuta humo humo ndani: katiba, uwakilishi, biashara, heshima ya haki za watu. Msomaji angetarajia basi kwamba wakifika kwenye uhalali watasema wazi: serikali isiyo ya haki kwa watu wake haina uhalali mbele ya wengine.

Hawasemi hivyo. John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani, katika kitabu chake cha 1999 kuhusu sheria ya mataifa, anazipokea mezani jamii zisizo za kidemokrasia ilimradi zina staha fulani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa nao, katika kifungu chake cha 2, unasimama juu ya usawa wa dola zote bila kuuliza namna zinavyotawaliwa. Katika mambo ya kila siku, aliyeketi ikulu ndiye anayekopa, ndiye anayeuza, ndiye anayefunga mikataba, na saini yake inawafunga hata watoto ambao hawajazaliwa. Malori ya shaba na kobalti yanayopita hapa kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yanabeba madini ambayo mwenye nayo alipatikana kwa saini ya namna hiyo.

Kwa hiyo nauliza: uhalali wa kutia saini kwa niaba ya watu unatoka wapi? Unatoka kwa watu wenyewe, kwa haki wanayotendewa, au kwa kutambuliwa na dola nyingine? Na kama ni kwa kutambuliwa tu, nadharia hiyo inabaki kuwa ya kiliberali kwa lipi? Naomba msinipe orodha ya waandishi, kwa sababu orodha ninayo. Nipeni hoja.

Asistenti wa zamani, Lubumbashi

Ndugu mwanafunzi, jambo. Swali lako lina mafundo mawili yaliyofungwa pamoja, na afadhali tuyatenganishe mapema, kwa sababu kazi nyingi nilizowahi kusahihisha juu ya mada hii zilianguka hapo.

Haki inahusu namna taasisi zinavyogawa mizigo na manufaa na namna zinavyowaheshimu watu. Uhalali unahusu jambo finyu zaidi: nani anaruhusiwa kutoa amri, na kwa sababu gani wengine wamtii, au angalau wasimzuie, hata pale wasipokubaliana naye. Serikali inaweza kuwa halali na bado ikatunga kodi inayowaumiza maskini. Tutaipinga kodi hiyo kwa maandamano, kwa mahakama na kwa kura, lakini hatutasema kwamba nchi haina serikali. Ukiyachanganya haya mawili, kila kosa la mtawala litakuwa mwaliko kwa jirani kuvuka mpaka. Allen Buchanan na Robert Keohane waliandika mwaka 2006 juu ya taasisi za kimataifa kwamba tukidai ziwe za haki kamili ndipo tuziite halali, hakuna itakayosalia, na tutakuwa tumevitupa vyombo vile vile ambavyo vingetusaidia kuikaribia haki. Vigezo wanavyovipendekeza ni vya chini kwa makusudi: taasisi isivunje haki za msingi za binadamu kwa ukaidi, ilete manufaa ambayo yasingepatikana kama isingekuwapo, na isiende kinyume na taratibu na malengo ambayo yenyewe imeyatangaza. Wanaongeza kwamba lazima iweze kuhojiwa na watu wa nje yake, na kwamba mambo yake yawe wazi kiasi cha kuhojika.

Kuhusu Rawls, wengi wanamwonea. Alibuni nchi aliyoiita Kazanistan, ambayo dini yake ni moja na vyeo vikubwa vya dola vimewekewa wafuasi wa dini hiyo, lakini haiwashambulii majirani, haiwatesi wa dini nyingine, ina utaratibu wa kuwasikiliza watu kupitia makundi yao, na inalinda uhai, mali na usawa mbele ya sheria. Akasema nchi ya namna hiyo inastahili heshima, na kwamba si haki kuilazimisha igeuke kuwa ya kiliberali. Hapo hakuwa akiogopa kutoa hukumu. Aliona kwamba mliberali anayeifanya katiba ya kwake kuwa tiketi ya kuingilia kwenye jumuiya ya mataifa ataishia kupigana vita kwa jina la wema. Miaka minne baada ya kitabu hicho Iraq ilivamiwa. Tena, mtu aliyezaliwa katika nchi ambayo majeshi ya majirani yameingia mara kadhaa, kila jeshi likiwa na sababu yake nzuri ya kuingia, angepaswa kuisoma hofu hiyo kwa upole kidogo.

Pale anapokuwa dhaifu ni kwenye utajiri. Rawls anadai kwamba nchi huinuka au huanguka hasa kwa utamaduni wake wa kisiasa, wala si kwa maliasili zake, na mfano wake ni Japani, isiyo na madini na ina mali, dhidi ya Argentina, yenye ardhi tajiri na matatizo yasiyokwisha. Kwa hiyo kwake hakuna haja ya kugawana utajiri wa dunia; kuna wajibu wa kuzisaidia jamii zilizoelemewa mpaka zisimame, kisha wajibu huo unakoma. Sentensi hiyo ukiisoma Lubumbashi inachoma. Utamaduni wa kisiasa wa nchi hauoti wenyewe kama majani. Wanunuzi wa madini nao wameutengeneza.

Charles Beitz alikuwa ametoa njia nyingine miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1979. Kama wawakilishi wa nchi zote wangekaa nyuma ya pazia la kutojua, asijue yeyote kama ardhi yake ina shaba au mchanga mtupu, wasingekubali kwamba kila aliyezaliwa juu ya mgodi ajitwalie mgodi mzima. Wangeweka kanuni ya kugawana. Wanafunzi hapa huishangilia hoja hii, nami huwaomba waisome mara ya pili: kwa kanuni ya Beitz, sisi tuliokalia Ukanda wa Shaba tungekuwa upande wa kutoa. Niger na Chad zingekuja kudai fungu lao kwetu. Waliberali wa dunia nzima wana tabia ya kukukumbusha hesabu usiyoipenda.

Mzee wa Kenya (mtaa wa Lubumbashi, si ile nchi)

Mwanangu, nimemsoma asistenti kwa makini na ninamheshimu, ila hadithi yake ameianzia katikati. Anazungumza kana kwamba kwanza walikuwapo watu, watu wakaweka serikali, kisha serikali ikaenda kujitambulisha kwa wenzake. Kwetu utambuzi ulitangulia.

Tarehe 22 Aprili 1884 Marekani iliitambua bendera ya chama cha Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, kuwa sawa na bendera ya serikali rafiki, wakati katika sehemu kubwa ya nchi hii hakuna aliyewahi kumwona hata tarishi wa chama hicho. Mkutano wa Berlin ulikuja baadaye, ukaanza Novemba mwaka huo. Huku kwetu Katanga mtawala Msiri alikuwa katika mji wake wa Bunkeya, akitoza kodi, akiamua kesi, akipokea wageni. Hakuna aliyemwuliza. Alipokataa kuwa chini ya bendera hiyo, msafara wa Leopold ulioongozwa na Stairs ulimuua tarehe 20 Desemba 1891. Simsifu Msiri kwa haki. Aliuza watumwa na pembe za ndovu, na Wasanga walikuwa tayari wamemwasi. Nasema tu kwamba mwenye mamlaka aliyetambuliwa hakuwa na watu, na mwenye watu hakutambuliwa, na lile swali la haki halikumwingia mtu akilini.

Mjukuu wangu anayesoma huko huko Kasapa amenionyesha kwamba Kant, katika maandishi yale yale ya 1795, alikataza dola kupatikana kwa urithi, kwa kubadilishana, kwa kununua au kwa zawadi, akisema kwamba dola ni jumuiya ya watu, haiwezi kuwa mali ya mtu. Aliwashutumu pia wafanyabiashara wa Ulaya kwamba kwao kutembelea nchi za watu na kuziteka ni jambo moja. Basi mwaka 1908 mfalme aliikabidhi Kongo kwa Ubelgiji, pamoja na madeni yake. Nadharia ilikuwapo, imechapishwa zaidi ya miaka 100, na hakuna aliyeinuka kusema kwamba kabidhi hiyo ni batili. Wako pia waliberali walioandaa kisingizio mapema. John Stuart Mill, mwaka 1859, aliandika kwamba kanuni ya kutoingilia mambo ya wengine inahusu mataifa yaliyostaarabika baina yao, haiwahusu wale aliowaita washenzi. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa bado mtumishi wa Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, na mtu anaweza kuelewa kwa nini kanuni hiyo ilimkalia vizuri.

Sasa njoo mwaka 1960, ambao wengine tunaukumbuka. Bunge lilimpa Waziri Mkuu Lumumba imani mwezi wa Juni. Rais Kasa-Vubu alipomwondoa tarehe 5 Septemba, mabaraza yote mawili yaliikataa hatua hiyo. Mwezi wa Novemba zilikuwapo New York pande mbili zinazodai kiti kimoja cha Kongo, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapiga kura na kuwapa watu wa Kasa-Vubu. Kwa hiyo swali la nani anasema kwa niaba ya Wakongo liliamuliwa kwa kura za wasio Wakongo, wakati Bunge la Wakongo lilikwisha kusema lake. Chini ya miezi miwili baadaye, tarehe 17 Januari 1961, Lumumba aliuawa hapa hapa Katanga.

Na hiyo Katanga yenyewe? Tshombe aliitangaza kuwa nchi tarehe 11 Julai 1960. Alikuwa na jeshi lake, fedha zake, stempu zake, na kodi ya Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya madini, iliingia katika hazina yake. Alitawala mpaka Januari 1963 bila kutambuliwa na dola hata moja. Ubelgiji iliyompa maofisa haikuthubutu. Azimio namba 169 la Baraza la Usalama, la tarehe 24 Novemba 1961, lilikulaani kujitenga kule waziwazi. Mimi naona walifanya vizuri, maana nyuma ya serikali ile palikuwa na kampuni, na kaskazini Wabaluba walipigana kuikataa. Lakini angalia vizuri, mwanangu: waliokataa walikuwa wa nje, kama vile waliokubali mwaka 1884 walikuwa wa nje. Kura ya Wakatanga wenyewe juu ya jambo lile sijaiona popote.

Wakili wa Bukavu

Papa Mzee, asante kwa somo. Mimi nitaongeza upande wa mahakama, kwa sababu mwanafunzi asipouangalia ataandika falsafa isiyogusa ardhi.

Kongo ilizishtaki Uganda na Rwanda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa vita vilivyoanza 1998. Dhidi ya Uganda, hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005 ilisema kwamba ilitumia nguvu kinyume cha sheria, kwamba ilikuwa dola inayoikalia Ituri, na kwamba ilishindwa kuzuia uporaji wa maliasili. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama iliweka fidia ya dola milioni 325, ambazo milioni 225 ni za madhara kwa watu na milioni 60 ni za maliasili, wakati Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Dhidi ya Rwanda, mahakama ilisema tarehe 3 Februari 2006 kwamba haina mamlaka ya kusikiliza kesi. Haikusema kwamba hakuna lililotendeka. Ilisema tu kwamba Rwanda haikuwa imeridhia kuhukumiwa nayo, ilhali Uganda ilikuwa imeyakubali mamlaka hayo tangu 1963.

Kwa hiyo mtu aliyeumia Bunia, huko Ituri, ana hukumu, na mtu aliyeumia Bukavu katika vita vile vile hana hata kesi. Anachotofautiana na mwenzake ni karatasi ambayo dola nyingine iliisaini au haikuisaini. Kwa kipimo cha haki, hiyo haikubaliki. Kwa kipimo cha uhalali, asistenti atasema ni sawa kabisa, maana mahakama isiyosubiri ridhaa isingeaminiwa na dola yoyote. Mimi nakubali kwamba ndivyo ilivyo, ila nakataa kuuita mpangilio huu wa kiliberali. Ridhaa ambayo mliberali anaiheshimu ni ya mtu. Ridhaa tuliyo nayo hapa ni ya serikali, na mara nyingi ni ya serikali inayotuhumiwa.

Upande wa pili wa jambo hilo tunauishi. Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Kundi hilo limeteua watawala na linatoza kodi. Hakuna dola inayolitambua kuwa serikali, na azimio namba 2773 la tarehe 21 Februari 2025 lililitaka liondoke, likaitaka pia Rwanda iache kulisaidia. Hapo mwanafunzi atazame kwa makini kabla hajaudharau utambuzi. Kama uhalali ungetoka kwa nani anatawala barabara na nani anatoza kodi, mpaka wa nchi ungekuwa umekwisha kuhama. Kama ungetoka kwa haki ya serikali kuu kwa watu wake wa mashariki, mtu angeweza kusema, na wapo wanaosema, kwamba Kinshasa iliyowaacha watu hawa miaka yote haiwezi kudai lolote. Utambuzi ule ule ambao Mzee ameuonyesha ukitumika kutupokonya nchi ndio leo uzio uliobaki.

Kuhusu vile vigezo vya Buchanan na Keohane, jeshi la Umoja wa Mataifa hapa Kongo ni mfano mzuri kuliko yote. Lilikuwa halali kwa karatasi, kwa azimio la Baraza la Usalama na kwa ridhaa ya serikali. Mwaka 2013 lilipewa hata kikosi cha kushambulia, chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Lakini askari wake anayetenda kosa la jinai huku anaweza kuhukumiwa na nchi yake tu, na mama aliyedhulumiwa haoni kesi wala hasikii matokeo. Taasisi ambayo walioumizwa nayo hawawezi kuihoji haina kile kigezo cha kuhojiwa. Watu walipoandamana Goma na Butembo mwezi wa Julai 2022, na damu ikamwagika, magazeti ya nje yaliandika juu ya hasira. Ilikuwapo hasira, lakini ilikuwapo pia hoja ya uhalali, na ni hoja ambayo hao maprofesa wangeitambua. Jeshi hilo liliondoka Kivu Kusini mwezi wa Juni 2024.

Mwalimu wa historia, Goma

Mnawataja wa mbali na kumsahau wa jirani. Mwaka 1964, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Cairo, Nyerere alikuwa mbele katika azimio la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania yake ikaitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, ya kwanza kufanya hivyo, kwa hoja kwamba dola ipo ili kuwalinda watu, na watu wanaouawa ndani yake hawawezi kudaiwa utii kwa jina la umoja. Wengi waliona anajipinga. Mimi ninaona alishika kanuni mbili zenye nguvu tofauti: mpaka unaheshimiwa kwa kawaida, na unapoteza heshima hiyo pale dola inapogeuka tishio kwa uhai wa watu wake. Nchi nyingine tatu tu za Afrika zilimfuata, na Biafra ilianguka Januari 1970. Mwanafunzi aulize kwa nini hoja ile haikutumiwa tena kwa urahisi, hata na yeye mwenyewe: alipomwondoa Amin mwaka 1979 alizungumza zaidi juu ya kujilinda kuliko juu ya Waganda.

Mwanafunzi wa Kasapa

Asanteni sana, wakubwa. Ninaona kwamba Wakili na Mzee wanauvuta utambuzi huku na huku na wote wana sababu. Lakini hakuna aliyeigusa saini yenyewe. Tuseme nimekubali kwamba serikali mbaya ibaki na mpaka wake, ili majirani wasiingie. Je, ni lazima nikubali pia ibaki na uwezo wa kukopa na kuuza madini kwa jina langu? Asistenti, kwa nini vitu hivi vyote vinakuja katika furushi moja?

Asistenti wa zamani, Lubumbashi

Hapo umefika, na ndipo ningekushauri kazi yako ianzie. Si lazima vije pamoja.

Thomas Pogge amelieleza jambo hili kuliko wengine, katika kitabu chake cha 2002. Anasema mfumo wa dunia unampa yeyote aliyeshika nguvu nchini, bila kujali alizishikaje, upendeleo wa namna mbili: wa kuuza maliasili, ambapo mnunuzi anapata umiliki halali unaolindwa na mahakama za nchi zote, na wa kukopa, ambapo deni linabaki kwa nchi baada ya mkopaji kuondoka. Upendeleo huo humpa kila mwanajeshi mwenye tamaa sababu ya kupindua, na humpa aliyekwisha kupindua fedha za kubakia. Na hapo ndipo Pogge anapomwacha Rawls: huwezi kuulaumu utamaduni wa kisiasa wa nchi huku unamlipa kila atakayeuharibu.

Kwa upande wa madeni tuna mfano wetu, wala huhitaji kuvuka mto kuutafuta. Erwin Blumenthal, mtaalamu wa benki kutoka Ujerumani, aliwekwa ndani ya Benki Kuu ya Zaire mwaka 1978 kwa mpango wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1982 aliandika ripoti akieleza namna fedha za nchi zilivyochanganyika na za mtawala, na akawaonya wakopeshaji wasitarajie kurudishiwa fedha zao. Mikopo iliendelea kutolewa. Mkopeshaji aliyeonywa na mtu wake mwenyewe hakuweza kudai kwamba alidhani anawakopesha Wazaire. Hata hivyo, Mobutu alipoondoka Mei 1997, deni lilibaki mezani kwa wale waliomfuata, na sehemu kubwa yake ilifutwa mwaka 2010 tu, kwa masharti ya wakopeshaji. Waliifuta kama huruma kwa nchi maskini. Kama wangeifuta kwa kukiri kwamba aliyesaini hakuwa na haki ya kusaini, wangekuwa wameweka kanuni ambayo ingewabana katika mikopo ijayo.

Buchanan, katika kitabu chake cha 2004, anaruhusu furushi hilo lifunguliwe. Dola inaweza kuendelea kulindwa mpaka wake na kiti chake, huku haki fulani za mamlaka zikipunguzwa kwa kiasi cha makosa yake. Hilo linapatana na hofu ya Rawls na pia na uzio wa Wakili, maana hakuna jeshi linalovuka mpaka. Mnunuzi tu ndiye anayekatazwa kununua na mkopeshaji ndiye anayebeba hasara yake. Kwa hiyo saini zisipimwe zote kwa kipimo kimoja. Saini ya mkataba wa amani hata dikteta anaweza kuitia na tukaishika. Saini ya kuuza mgodi kwa miaka 30 ingehitaji zaidi.

Shida ni nani apime, na hapa usiende haraka. Sheria ya Marekani ya 2010, katika kifungu chake namba 1502, ilizitaka kampuni zitoe taarifa kama zinatumia bati, tantali, wolframi au dhahabu ya Kongo na nchi jirani. Nia ilikuwa kuyakata makundi yenye silaha. Mwezi wa Septemba mwaka huo Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema mpaka Machi 2011, na wanunuzi wengi walianza kuukwepa mkoa mzima. Wachimbaji wa mikono na familia zao walikosa chakula, na wenye silaha walihamia kwenye vizuizi vya barabarani na biashara nyingine. Uamuzi ulichukuliwa kwa ajili ya watu ambao hawakuulizwa, na hapo Mzee ana haki ya kusema kwamba ameiona picha hiyo tangu 1884.

Ndiyo maana mimi ningetafuta kipimo ambacho hakitoki nje. Kipo kimoja ambacho wanafunzi hawakitumii. Amri ya Waziri Mkuu ya Mei 2011 inataka kila mkataba wa maliasili ambao dola au kampuni yake imeufunga utangazwe hadharani ndani ya siku 60. Hakuna profesa wa ng'ambo aliyetulazimisha kuukubali wajibu huo. Ni wa Jamhuri yenyewe, na ni kile kigezo cha taasisi kufuata taratibu ilizozitangaza. Chukua mikataba michache ya Gécamines, kampuni ya madini ya dola, na wabia wake, angalia ni ipi iliyotangazwa kwa wakati, ni ipi iliyotoka baada ya mabishano, na viambatisho vipi havijaonekana mpaka leo. Kisha uliza kama mnunuzi wa kobalti iliyotoka katika mkataba uliofichwa kinyume cha sheria ya nchi iliyousaini anaweza kusimama mbele ya hakimu wa London au Brussels na kudai kwamba alinunua kwa nia njema kutoka kwa mwenye mali. Hoja hiyo utaitetea bila kumhitaji Rawls, ingawa mkurugenzi wako atataka umtaje.